Milioni 24 baada ya kodi: hati fungani, fiksidi au kiwanja Kigamboni?

Mama Rehema, Tabata

Habari za leo, ndugu zangu. Mimi ni mwajiriwa wa sekta binafsi, mshahara wangu ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi, na ninachangia NSSF. Nina akiba ya shilingi milioni 24 iliyokuwa katika fiksidi ya benki, ambayo muda wake umeisha mwezi huu. Kaka yangu ananishauri ninunue kiwanja Kigamboni kabla bei hazijapanda zaidi, na mwenzangu wa kazini anasisitiza hati fungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, kwa sababu, anavyosema, hazina kodi. Afisa wa benki naye ananiomba nirudishe fedha katika fiksidi kwa riba ya asilimia 10. Binti yangu anatarajia kuingia chuo kikuu baada ya miaka minne, na hakuna mtu mwingine wa kumlipia ada. Ningependa kuelewa kila njia inakatwa kodi gani, na kama mapato hayo yatajumlishwa na mshahara wangu na kunipandisha kwenye kiwango kikubwa zaidi cha PAYE, ile kodi ya mshahara.

Mhasibu wa Upanga

Dada, nianze na hofu yako ya mwisho kwa kuwa ndiyo nyepesi. Riba ya fiksidi inayolipwa na benki ya hapa nchini kwa mtu binafsi asiyeipata kama sehemu ya biashara hukatwa kodi ya zuio, yaani inayokatwa na benki kabla ya kukulipa, ya asilimia 10, na kodi hiyo ni ya mwisho. Haijumlishwi na mshahara. Mshahara wako una hesabu yake peke yake. Mchango wako wa NSSF wa asilimia 10, yaani 120,000, hutolewa kwanza, kwa hiyo kinachotozwa PAYE ni 1,080,000. Shilingi milioni moja ya kwanza inazaa kodi ya 128,000, na zile 80,000 zilizozidi zinatozwa asilimia 30, yaani 24,000. Jumla ni 152,000. Kama mchango usingetolewa kwanza ungelipa 188,000, ndiyo maana huwa ninawashangaa wanaoulalamikia mfuko wa hifadhi ya jamii bila kuangalia karatasi ya mshahara hadi mstari wa chini.

Sasa tulinganishe. Fiksidi ya milioni 24 kwa asilimia 10 inakupa 2,400,000 kwa mwaka. Ukitoa zuio la 240,000, unabaki na 2,160,000. Hati fungani ya serikali ya muda mrefu, tuseme yenye kuponi, yaani riba ya kila mwaka, ya asilimia 12 kwa ajili ya mfano huu, inakupa 2,880,000, na yote inaingia kwenye akaunti yako kwa sababu riba yake imesamehewa kodi. Mwenzako wa kazini yuko sahihi kwa hati za muda mrefu, lakini dhamana za serikali za muda mfupi, zile za chini ya mwaka, hazimo katika msamaha huo.

Jambo jingine ambalo afisa wa benki hawezi kukuambia kwa hiari ni kwamba Bodi ya Bima ya Amana inamlinda mwenye amana hadi shilingi 7,500,000 tu katika benki moja. Simaanishi kwamba benki yako ina tatizo. Ninamaanisha kwamba kuweka milioni 24 zote mahali pamoja ni uamuzi unaostahili kufanywa kwa macho.

Kununua hati hakuna ugumu. Unafungua akaunti ya uwekezaji ya CDS, inayotunza hati zako kielektroniki, kupitia benki au dalali wa soko la hisa, kisha unashiriki mnada wa Benki Kuu kuanzia shilingi milioni moja. Kwa mtu wa kawaida zabuni isiyo ya ushindani, yaani kukubali bei itakayotoka mnadani bila kutaja yako, inatosha. Soma vizuri bei utakayolipa: ikitokea kuwa 102, utalipa shilingi 102 kwa kila 100 ya hati, huku kuponi ikihesabiwa juu ya ile 100. Watu wengi huangalia asilimia ya kuponi na kusahau bei.

Fundi Ramani, Kibada

Mimi ni mpimaji, kwa hiyo nitasema upande wa kaka. Kiwanja hakikatwi kodi mwaka hadi mwaka kama riba, lakini siku ya kukiuza TRA wanakusubiri mlangoni, kwa sababu uhamisho wa hati ya kiwanja haukamiliki bila uthibitisho kwamba kodi ya faida ya mauzo imelipwa. Kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida. Asiye na nyaraka za gharama zake hutozwa asilimia 3 ya bei ya kuuzia au ya thamani iliyoidhinishwa, ipi iliyo kubwa.

Chukulia umenunua kwa milioni 8, ukajenga ukuta, ukachimba kisima na kumwaga msingi kwa milioni 9, kisha ukauza kwa milioni 20. Ukiwa na mkataba wa mauziano na risiti za EFD za saruji, nondo na mafundi, faida yako ni milioni 3 na kodi ni 300,000. Bila karatasi utalipa 600,000. Hata hivyo, kama hujaendeleza chochote na bei imepanda sana, hesabu inageuka, na asilimia 3 inakuwa nafuu kuliko asilimia 10 ya faida. Sheria inasamehe pia nyumba uliyoimiliki na kuishi kwa miaka mitatu au zaidi, ilimradi faida isizidi milioni 15, ila kiwanja kitupu hakihusiki.

Ninachomwonya mteja yeyote wa Kigamboni si kodi bali mipaka. Mkataba uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa pekee haukuhakikishii kwamba mtu mwingine hajauziwa kiwanja hichohicho. Fanya upekuzi katika ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata senti.

Kijana wa Soko

Hisa pia zipo. Gawio la kampuni iliyoorodheshwa DSE, yaani Soko la Hisa la Dar es Salaam, hukatwa asilimia 5, la kampuni isiyoorodheshwa asilimia 10, na ukiuza hisa zilizoorodheshwa kwa faida hutozwi kodi ya faida. Lakini kwa ada itakayohitajika baada ya miaka minne nisingeweka zaidi ya sehemu ndogo, kwani bei inaweza kulala mwaka mzima ukiwa unahitaji kuuza.

Mama Rehema, Tabata

Ahsanteni sana. Kiwanja nimekiondoa katika hesabu kwa sasa, na kaka nitazungumza naye kwa upole. Nimebaki na swali moja: hati fungani ya miaka 20 si itanifungia fedha wakati binti anaanza chuo?

Mhasibu wa Upanga

Haikufungi, lakini ina masharti yake. Hati inaweza kuuzwa DSE kupitia dalali kabla ya muda wake kuisha, na benki nyingi huipokea kama dhamana ya mkopo. Tatizo ni bei. Mwaka 2022 kuponi ya hati ya miaka 20 ilishushwa kutoka asilimia 15.49 hadi 12.10, na waliokuwa na hati za zamani wakajikuta na mali inayotafutwa. Mambo yakienda kinyume, yaani riba zikipanda baada ya wewe kununua, hati yako itauzwa kwa punguzo. Kwa hiyo usipange kuiuza. Panga kula kuponi.

Kama ningekuwa mimi, ningeweka milioni 18 katika hati na milioni 6 katika Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ambako kuuza vipande, yaani sehemu zako za mfuko, huchukua siku chache tu za kazi na ongezeko la thamani ya vipande halitozwi kodi ya faida. Hiyo milioni 6 ndiyo ya ugonjwa na dharura, ili usilazimike kugusa hati. Kwa kuponi ya mfano wetu, milioni 18 zinakupa 1,080,000 kila baada ya miezi sita. Usizinunue zote katika mnada mmoja: ukichukua milioni 9 katika hati moja, na milioni 9 katika nyingine ambayo miezi yake ya kuponi imepishana na ya kwanza kwa miezi mitatu, utapokea takriban 540,000 kila robo mwaka. Katika miaka hii minne kabla ya chuo, kuponi hizo zipeleke moja kwa moja Ukwasi. Kalenda ya minada hutangazwa na Benki Kuu mapema, kwa hiyo mwulize mtu wa benki yako akuoneshe tarehe za kuponi za kila hati kabla hujasaini fomu.