HZJ75 inavuja mbele na usukani unapiga: sili tu, au nifungue nako nzima?

mbuga_nyeusi:
Wakuu, habari za humu. Gari ni Land Cruiser HZJ75 pikapu, injini 1HZ, ina mkonga wa kuvutia hewa juu, springi za mabamba mbele na nyuma. Tairi la mbele kushoto limelowa uji mweusi mwepesi upande wa ndani, unashuka kwenye rimu mpaka karibu na diski ya breki. Kulia kuna unyevu tu. Oili ya difu ya mbele imeshuka, ukiingiza kidole kwenye tundu la kujazia huigusi.

La pili: kati ya kilomita 60 na 75 kwa saa, tairi likipiga shimo, usukani unaanza kucheza kushoto kulia kwa nguvu na hautulii mpaka mwendo upungue. Matairi yameshabalansiwa. Ukikata kona mpaka mwisho kwenye fowili hakuna mlio wa kugonga.

Fundi mmoja anasema sili ya nje na shokapu mpya ya stelingi zinatosha. Mwingine anasema nako zote mbili, zile nyumba za chuma zinazobeba na kugeuza tairi mwishoni mwa ekseli, zifunguliwe. Mpango ni kuinua gari inchi 2 na kuvaa 285/75R16 kabla ya masika, njia ni udongo wa mbuga na kuvuka mito midogo. Kipi kitangulie, na kazi inafanywaje ili isirudi?

sili_ya_ndani:
Mkuu, hiyo shokapu ya stelingi usiinunue kwa sasa. Itaficha mtetemo miezi miwili, halafu utarudi ukiwa mkali zaidi.

Anza na huo uji. Chukua kidogo, usugue kati ya vidole viwili, unuse. Ndani ya nako panatakiwa grisi tupu, nzito, inayonata. Ikinata, basi ni ile sili ya nje inayofuta lile tufe la chuma mwisho wa ekseli ndiyo imechoka. Ikiteleza na kutoa ile harufu kali ya salfa, hiyo ni oili ya difu imeshayeyusha grisi. Kwa kuwa difu yako imepungua, jibu tayari unalo: sili ya ndani imekufa, ile iliyokaa mwisho wa bomba la ekseli, shafti inapotokea. Sili ya nje haikutengenezwa kuzuia oili, kazi yake ni kuzuia vumbi na tope. Ukibadili hiyo peke yake umeziba mlango huku bomba linaendelea kumwaga.

Sasa kwa nini sili ya ndani hufa? Kuna mambo matatu, na yote uyakague. Bridha ya difu, ile njia ndogo ya kupumulia, ikiziba tope, difu ikipata moto hewa inatanuka, inakosa pa kutokea, inasukuma oili kwenye sili. Shafti ikiwa na mfereji pale mdomo wa sili unapokaa, hata sili mpya itavuja. Na la tatu, ambalo mafundi wengi hawaliangalii: beringi za kingpini, zile za juu na chini ambazo nako inageukia, zikilika, nako inahama kidogo kutoka katikati ya bomba, shafti inazunguka ikiwa imeegemea upande mmoja wa sili. Hizo hizo beringi ndizo zinazoupa usukani wako nafasi ya kupiga. Kwa hiyo malalamiko yako mawili ni ugonjwa mmoja.

Hakikisha hivi: inua tairi, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki uendelee kutikisa. Mchezo ukiisha, tatizo ni beringi za tairi. Ukibaki, ni za kingpini. Breki inafunga diski kwenye nako, kwa hiyo kinachobaki kucheza ni nako yenyewe juu ya ekseli. Kabla ya kufungua chochote kagua pia bushi za springi, ncha za tairodi na boksi ya stelingi, maana navyo huchangia kupiga.

spana54:
Naungana na aliyetangulia. Fungua nako zote mbili, hata hiyo ya kulia yenye unyevu tu.

Vya kununua kwa kila upande: sili ya ndani ya shafti, seti ya sili za nje, beringi mbili za kingpini pamoja na vikombe vyake, sili ya nyuma ya habu, gasketi za spindo (mhimili ambao habu inazungukia) na za loki ya habu, na ile washa ya kukunja ya nati za habu. Beringi za tairi zikague, zikiwa na madoa ya bluu au mashimo kwenye kikombe, badili. Grisi yenye molibdenamu namba 2 kwa ajili ya nako, uwe na kilo 2 kabisa usije ukaishiwa katikati ya kazi, na ya beringi za tairi. Oili ya difu lita 3, 90 daraja la GL-5.

Tafuta soketi ya milimita 54. Tafadhali usipige nati za habu kwa tindo, kama inavyofanyika kwenye gereji nyingi. Meno ya nati yanaliwa, vipande vya chuma vinaangukia kwenye beringi, na hutaweza kupima mkazo sahihi wakati wa kurudisha.

Ukishatoa kalipa ining'inize kwa waya, isiachwe ikaning'inia kwa mpira wa breki. Zile washa za koni kwenye loki ya habu na kwenye mkono wa stelingi hazitoki kwa kuvuta: piga kipande cha shaba pembeni ya stadi, zitaruka zenyewe. Spindo ikigoma, igonge kuzunguka kwa nyundo ya plastiki. Shafti izungushe mpaka ubapa wa jointi uangalie juu, ndipo itatoka bila kukwaruza.

Shimu, zile bati nyembamba za juu na chini ya nako, ndizo roho ya kazi hii. Ufunge za juu peke yake na za chini peke yake, uandike kushoto na kulia. Jumla ya unene wake ndiyo inayoamua beringi zibanwe kiasi gani, na mgawanyo wake ndio unaoiweka nako katikati ya bomba. Ukizichanganya, sili mpya itavuja ndani ya wiki chache na utalaumu duka la spea.

Vikombe vya zamani vikitoka, viangalie kwenye mwanga. Utakuta mistari iliyochimbika, imepangana kama meno ya kitana, alama ya rola zilizogonga pale pale kwa miaka gari likienda moja kwa moja. Ndiyo maana nako iliyochoka ukiizungusha kwa mkono inanasa katikati. Vikombe vipya vigonge kwa shaba mpaka mlio ubadilike kuwa mkavu, hapo vimekaa.

Kabla ya kuweka sili ya ndani, pitisha ukucha kwenye shafti. Ukinasa kwenye mfereji, usizamishe sili mpaka mwisho, iache nje milimita moja au mbili ili mdomo wake ukae kwenye chuma kizima. Mfereji ukiwa mkubwa tafuta shafti nyingine. Paka grisi mdomo wa sili, na unapoingiza shafti ibebe kwa mkono mwingine. Ukiiacha ilalie sili huku ukiisukuma, meno ya mwisho yataikata, na hutajua mpaka umeshafunga kila kitu.

Tufe lenye kutu lisugue kwa msasa laini mpaka liwe laini mkononi. Mashimo makubwa yajaze kwa gundi ya chuma, ikauke, usugue tena, la sivyo yanachana sili ya nje. Piga picha ya mpangilio wa sili za nje kabla ya kuzitoa.

Mkazo wa kingpini upimwe bila sili za nje na bila shafti. Fungia mzani wa ndoano kwenye tundu la tairodi, vuta kwa pembe mraba: nako ianze kusogea kati ya kilo 3 na 6. Ikisogea chini ya hapo toa shimu, ikizidi ongeza. Nati za mkono wa stelingi zikazwe nyutoni mita 96, nyuzi zikiwa safi na kavu. Bolti za spindo 46. Jaza nako grisi robo tatu, usijaze yote, na jointi yenyewe ishindilie kwa kidole mpaka grisi itokee upande wa pili.

Habu: kaza nati ya ndani nyutoni mita 59, zungusha habu mara kadhaa kulia na kushoto, legeza, kaza tena taratibu. Mzani kwenye stadi ya tairi usome kati ya kilo 2.8 na 5.6. Weka washa ya kukunja, nati ya nje 64, pima tena kwa sababu ya nje huongeza mkazo, ndipo ukunje sikio moja ndani na jingine nje.

Na kuna wanaoshauri kusindilia nako grisi nzito "ili izibe". Haizibi. Oili inaiyeyusha, na wakati huo difu inaendelea kukauka.

kasta_kwanza:
Upande wa kuinua gari, nako zitangulie. Springi mpya juu ya kingpini zilizolika zitakufanya usijue mtetemo unatoka wapi.

Inchi 2 zipatikane kwa springi zenyewe. Shakeli ndefu mbele huinua pua ya difu (pale propela inapoingia), kasta, yaani mlalo wa kingpini kwenda nyuma, inapungua, na usukani unakosa nguvu ya kurudi katikati. Kwa gari lenye historia ya kupiga, hicho ndicho kitu cha mwisho unachotaka. Vipande vya chuma vya kunyanyulia visikae kabisa kwenye ekseli ya mbele. Ukihitaji kurudisha kasta, tumia kabari za chuma za digrii 2 kati ya springi na ekseli, zikae upande unaoshusha pua ya difu, siyo kuipandisha. Epuka za alumini, hupasuka. Ujue pia kuwa pua ikishuka, propela ya mbele inakunja jointi zaidi. Kwa inchi 2 inavumilika, kwa inchi 4 utaisikia. Mwisho, inua fremu mpaka ekseli ining'inie, kata usukani pande zote mbili, uangalie mpira wa breki. Ukivutika, weka mrefu.

Kuhusu matairi, piga hesabu kabla ya kutoa pesa. 7.50R16 ya kawaida ina kipenyo cha karibu milimita 805 hadi 810. 285/75R16 ni 834. Tofauti haifiki 30, na chini ya difu unapata nusu yake tu, yaani milimita 12 hadi 15. Kwa hiyo hununui urefu, unanunua upana. Kwenye mchanga upana unasaidia. Kwenye udongo wa mbuga tairi jembamba lenye kashata kubwa linakata tope la juu na kufika kwenye ardhi ngumu, wakati pana linaelea, linajaa na kugeuka gurudumu laini. Isitoshe 285 inataka rimu ya inchi 7.5 kwenda juu, rimu zako za kufungua kwa pete hazifai, na uzito wa ziada unabebwa na hizo hizo kingpini. Mimi ningebaki na 7.50R16 za tope. Ukiwa na tyubu usishushe upepo chini ya psi 20, tairi linateleza kwenye rimu na kung'oa mpira wa kujazia.

Bridha nayo ifanyike siku hiyo hiyo. Toa ile kofia juu ya ekseli, weka kiungio na mpira wa mafuta wa milimita 8 mpaka juu ya ukuta wa injini. Fanya hivyo kwa difu zote mbili, giaboksi na transfa. Difu ya moto ikiingia kwenye maji baridi, hewa ya ndani hunywea ghafla na kuvuta maji kwenye sili. Ukikuta oili rangi ya chai ya maziwa, ndicho kilichotokea.

Na mkonga wako: chini ya chombo cha hewa kuna kimpira cha kutolea vumbi. Kikiwa kimepasuka, injini inavuta maji kutoka pale hata mkonga uwe mrefu kiasi gani.

mbuga_nyeusi:
Shukrani sana wakuu. Vipimo: mchezo ulibaki breki ikiwa imekanyagwa, pande zote mbili. Bridha ilikuwa imeziba kabisa, na uji unanuka salfa. Kingpini mpya zimeingia. Kulia mzani unasoma kilo 4. Kushoto 1.5 tu na shimu zile zile. Nitoe ya juu au ya chini?

spana54:
Kwanza hakikisha vikombe vya kushoto vimekaa mpaka chini na nati zote zimekazwa 96. Kama vimekaa, toa shimu ya milimita 0.1 juu na 0.1 chini, usitoe 0.2 upande mmoja, ili nako isihame katikati. Kaza, izungushe mara kumi, pima tena. Ikisoma kati ya 3 na 6 funga. Baada ya kilomita 50 gusa habu zote mbili, joto liwe sawa. Ukifika kilomita 500, rudia nati za mkono wa stelingi kwa spana ya toki. Zikilegea, stadi ndizo zinazokatika, na hapo usukani unabaki mkononi bila tairi.

kasta_kwanza:
Angalia na oili ya difu siku hiyo hiyo ya kilomita 500. Ikiwa bado inagusa tundu na rangi haijabadilika, agiza springi.