Naomba ushauri: tuwatuze vipi wanagenzi na mafundi wa Lamu?

Assalamu alaykum ndugu zangu. Hapa Lamu tunapanga siku ya kuwatuza wanagenzi bora na waliowafunza, wa chuo cha ufundi na wa karakana za mtaani. Wa chuo ni rahisi, wana alama za mitihani.

Shida ni hawa wengine. Kuna kijana Matondoni anatia kalafati jahazi: anashindilia pamba yenye mafuta kati ya mbao, pole pole, mpaka maji hayapati pa kupenya. Karatasi hana hata moja. Mzee aliyemfunza naye hana, na mafundi wengi wa pale wamepita mikononi mwake. Akisahauliwa nitaumia sana.

Naona waamuzi wawe mafundi wenyewe, waikague kazi kwa mkono. Lakini mji wetu mdogo, kila mtu jamaa ya mwenziwe, tuwatoe Malindi?

Na zawadi je? Wenzangu wanataka vikombe. Mimi nasema patasi nzuri, au tumlipie kijana mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, maana wanatahini hata waliojifunzia kazini, kuanzia daraja la 3 hadi la 1. Mzee tumpe nini cha heshima?