Kijana anatoka soba, washkaji bado wako kijiweni

Wakuu, kijana wa miaka 16 akirudi Manzese kutoka soba (nyumba ya kuwasaidia walioathirika na dawa za kulevya waache), familia ifanyeje asirudie bangi na unga (heroini)? Wazazi wanataka kumfungia ndani.

Jibu: Kumfungia hapana, mkuu, atatoroka. Wiki za kwanza ndizo ngumu: siku yake ijae shule au ufundi, jioni mpira, na awepo ndugu mmoja anayemwamini wa kuongozana naye. Abadilishe laini, namba za kijiweni azifute mwenyewe. Wazazi nao wahudhurie vikao vya ushauri. Nyumba inayomwita teja kila akikosea inamsukuma kwa wale wale, maana huko hasemwi.

Jibu: Kama kuna kaka anavuta humo humo ndani, anzeni na yeye. Nauli apewe ya siku, si ya wiki.

Jibu: Tafadhali zingatieni hili: akikaa miezi bila unga, mwili unapoteza uzoefu wa kuuhimili. Akirudia kipimo cha zamani, pumzi inaweza kukata. Mkimkuta hazinduki, mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali, msimfiche kwa aibu. Muhimbili, Mwananyamala na Temeke wana kliniki za methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga. Mtaalamu ataamua kama inamfaa kwa umri wake.