Watu 6, glasi 19 kwenye sinki! Nimechoka kuosha vyombo vya watu wazima

Wakuu, habari za asubuhi. Naandika nikiwa kwenye daladala natoka Tabata naelekea kazini, mikono bado inanuka sabuni, na nina hasira. Mtakaokuja kuniambia nipunguze jazba, naomba msome mpaka chini kwanza.

Leo nimeamka saa 10:40 alfajiri nikoroge uji wa mtoto na kuchemsha chai ya nyumba nzima. Nawasha taa ya jikoni, mende wanatawanyika. Sufuria zangu tatu za kila siku zote zimo kwenye sinki. Moja ina ukoko wa ugali umeshakuwa kama gome la mti. Moja ina maharage yameanza kuchacha. Ya tatu, ile ndogo ya uji, kuna mtu kachemshia mayai usiku, kala, kaiacha na maji yake na maganda yakielea. Juu ya sufuria sahani, juu ya sahani mabakuli, na kati ya mabakuli kuna kisu kimesimama ncha juu. Nimekigundua kwa kidole. Maji ya bomba hayajatoka tangu Jumamosi, na kwenye dumu yalikuwa yamebaki kama lita tano.

Nikafunga kidole kwa kitambaa, nikaanza kuhesabu. Ndani tupo sita: mimi, baba watoto, watoto wawili, wifi yangu anayesoma chuo, na shemeji yangu anayetafuta kazi. Glasi na vikombe vichafu 19. Vijiko 23. Na jana hatukuwa na mgeni hata mmoja!

Glasi tatu kati ya hizo zilinywewa maji tu. Maji! Mtu kanywa, kaacha glasi juu ya friji, baada ya nusu saa karudi kafungua kabati kachukua nyingine. Moja niliitoa chini ya kochi, ina juisi ya embe kidogo kwenye kitako, sisimizi wamejipanga mpaka kwenye ukingo. Jana usiku nilimuuliza wifi akanijibu vizuri kabisa, "Wifi, hiyo siyo yangu, yangu ipo chumbani." Yaani hizo 19 ni mbali na zilizolala vyumbani.

Najua wa kwanza kuchangia atasema nitafute dada wa kazi. Tulikuwa naye. Ameondoka mwezi wa sita kwenda kwao kumuuguza mama yake. Miaka miwili aliyokaa kwangu jiko lilikuwa jeupe saa zote, na sote tukaamini nyumba yetu haina vyombo vingi. Kumbe yule binti alikuwa anaosha mara nne, mara tano kwa siku. Siku anaondoka alishindwa kufunga zipu ya begi lake. Nikamshika mkono kumsaidia ndipo nikaona. Ngozi ya kati ya vidole imepasuka, imekuwa nyekundu kama ya mtu aliyeshika chokaa mbichi. Ni sabuni ya unga, ile ile ya kufulia, asubuhi mpaka usiku, bila mapumziko. Ana miaka 19. Hakuwahi kulalamika, na mimi mwenye macho yangu mawili sikuwahi kutazama. Hili linaniuma mpaka sasa hivi ninapoandika. Kwa hiyo siendi kuchukua mtoto mwingine wa watu nije kumpasua vidole, eti kwa sababu mwanaume mwenye ndevu hawezi kusuuza glasi aliyonywea maji. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndiyo maana hakuna aliyeuhisi mpaka mbebaji alipoondoka.

Jambo la pili linalonikera ni haya mafundisho ya kupanga jiko yaliyojaa mtandaoni. Nimeyafuatilia wiki mbili. Kila anayefundisha anaishia kuuza kitu: rafu ya ngazi tatu, makontena ya plastiki ya rangi moja, kichanja cha kuweka juu ya sinki. Jiko langu ni hatua tatu kwa mbili. Nikiingiza rafu nyingine mlango haufunguki. Na hata ukifunguka, rafu haipunguzi glasi chafu hata moja, inakupa pa kuficha nyingine kumi.

Jamani, tuambiane ukweli. Jiko la nyumba nyingi za kwetu halijakosa rafu, lina vyombo kupita kiasi. Mimi nilifanyiwa kichen pati 2016. Niliondoka pale na seti nne za hotpoti, chupa tano za chai, glasi dazeni nne, sahani dazeni tatu na sufuria sikumbuki idadi. Mama zangu na mashoga zangu walinipa kwa upendo, na nawashukuru mpaka leo. Halafu nikaingia mchezo wa vyombo na wenzangu kazini, kila mwezi mmoja anapewa, zamu yangu ikifika naleta masinia na mabakuli mengine. Familia ya watu sita! Ukiwa na glasi 48 kabatini, mtu anaweza kuchafua zote 48 kabla hajalazimika kuosha moja. Hapo ndipo tatizo lilipo, wala si uvivu wa mwanamke kama mama mkwe anavyopenda kuniambia kwenye simu.

Tazameni na namna tunavyopakua. Mtu mmoja ana sahani ya wali, bakuli la mboga, kibakuli cha kachumbari na glasi. Vinne mara sita, 24, bado vijiko, bado hotpoti na mifuniko yake, kwa mlo mmoja tu. Bibi yangu Tanga alikuwa anapakua wali kwenye sinia moja, watu wanne wanalizunguka, bakuli la mchuzi katikati, kata ya maji pembeni. Wakimaliza kuna vyombo vitatu. Hakuwa na sinki, hakuwa na bomba ndani, na sijawahi kukuta jiko lake lina chombo kichafu magharibi ikiingia. Alisugua kwa makumbi ya nazi na majivu, na majivu yanafanya kazi kweli, yana chumvi ya aina ya magadi inayokata mafuta. Ila msisugulie sufuria za aluminiamu zinazong'aa, yatazikwaruza na kuzitia weusi.

Na mambo yenyewe ni madogo! Hilo ndilo linalonipandisha hasira. Nimewaeleza nyumbani mpaka koo limekauka.

Ukipakua ugali, mimina maji baridi kwenye sufuria muda huo huo, funika, kaa ule. Ukimaliza kula ukoko umeshalainika. Au irudishe sufuria tupu kwenye moto mdogo wa mkaa unaofifia, ukoko utakauka na kujibandua wenyewe kama karatasi, na watoto wataugombania. Ukiuacha ulale usiku kucha ukinywea hewa, ni stili waya na nusu saa ya kukuna.

Sufuria ya maziwa, ya uji au ya mayai inaanzwa na maji baridi. Ukiimwagia ya moto, maziwa na mayai yanazidi kuiva yaking'ang'ania chuma. Sahani ya supu ya ng'ombe ni kinyume chake, inataka maji ya moto, kwa sababu ukiimwagia ya baridi mafuta yanaganda kama mshumaa, sahani inateleza hata uoshe mara tatu. Shemeji yangu yeye anarundika yote pamoja: sahani ya supu ndani ya sufuria ya uji, glasi juu. Akifanya hivyo glasi nazo zinashika mafuta, na kitu kilichotaka kusuuzwa kwa maji kidogo sasa kinataka sabuni. Chombo kimoja cha mafuta kinachafua vingine vyote.

Na mabaki yafutwe kabla ya kuweka chombo chini. Tonge la mwisho linafuta sahani vizuri kuliko sponji. Hata mafuta yaliyobaki kikaangoni, msiyamwage kwenye sinki, yanaganda ndani ya bomba la maji machafu. Mwezi wa nne nilimlipa fundi kuzibua, na alichotoa mle sitaki kukieleza hapa, kuna watu wanakunywa chai.

Kuosha nako kuna utaratibu, hasa kwa sisi tunaonunua maji. Dumu la lita 20 mtaani kwetu ni shilingi 500 maji yakikatika. Mabeseni mawili, moja la sabuni, moja la kusuuzia. Anza na glasi, vikombe, vijiko, halafu sahani, sufuria mwisho kabisa. Dumu moja linatosha na maji yanabaki. Baba watoto siku aliyojitolea kunisaidia alianza na sufuria yenye masizi! Maji yakawa meusi dakika ya kwanza, akamwaga, akachota mengine, akamaliza madumu matatu kwa vyombo vya chakula cha mchana. Halafu akakaa akisubiri nimshukuru. (Masizi yenyewe yana dawa: kabla hujabandika sufuria kwenye kuni au mkaa, ipake sabuni ya kipande kwa nje. Ukija kuosha, masizi yanatoka pamoja na ile sabuni.)

Nimefika kituoni. Jioni nikirudi nafanya ninachotaka kufanya, liwalo na liwe.

NYONGEZA, ALHAMISI

Nimeona michango yenu, asanteni. Aliyeandika kwamba "mwanamke anayelalamikia vyombo hajafundwa", mimi nilifundwa vizuri sana, na hakuna kungwi aliyeniambia nioshe glasi ya mtu mzima aliyekaa mita mbili kutoka kwenye sinki akitazama mpira.

Nilichofanya ni hiki. Jumatatu usiku nimefungasha vyombo vilivyozidi kwenye maboksi, yamekaa chini ya kitanda changu. Dazeni moja ya glasi na sahani 12 ni za wageni, zimefungiwa kabatini, ufunguo ninao mimi. Mifuniko isiyo na sufuria na makopo ya plastiki yasiyo na mifuniko nimeyatoa nje, jumla vipande 31. Hotpoti mbili nimempa jirani anayeanza maisha. Jikoni nimeacha sahani 6, bakuli 6, vikombe 6, vijiko 6, sufuria 3, kikaango, mwiko na upawa. Kila mtu nimemwekea alama ya rangi ya kucha kwenye kitako cha vyombo vyake. Huna chombo safi, osha chako. Basi.

Mume wangu alikasirika. Akasema, "Mama, mimi unaniwekea alama kwenye kikombe kama mtoto wa bweni?" Nikamwambia, baba, nionyeshe glasi moja uliyowahi kuiosha tangu mwezi wa sita, nifute hiyo alama sasa hivi. Alinyamaza, akatoka barazani. Mama mkwe alipiga siku ya pili yake, habari zilishamfikia, akasema vyombo ndiyo heshima ya mwanamke na nitamwaibisha mwanawe akija mgeni. Nikamjibu kwa adabu kwamba vyombo vya mgeni vipo, vimefungiwa, na ni visafi kuliko vilivyowahi kuwa. Sikumjibu zaidi ya hapo, ni mama yangu.

Watoto ndio walioshika haraka kuliko wote. Yule wa miaka saba anaosha kikombe chake akikipandisha kwenye mwanga kuangalia kama kuna tone. Wifi jana kaosha sahani yake na ya kaka yake bila kuambiwa. Usiku wa jana kwenye sinki kulikuwa na sufuria moja, imelowekwa, imefunikwa. Nimetumia dumu moja tangu asubuhi kwa vyombo vyote, na leo nimelala mpaka saa 11:15.

Anayebishana ni shemeji. Kikombe chake chenye alama ya bluu kipo juu ya friji tangu Jumanne, kina majani ya chai yamegandia kwenye kitako. Asubuhi nimemkuta anakunywea chai kwenye mfuniko wa chupa, akaniuliza, "Shemeji, vikombe vimeenda wapi?" Nikamwonyesha juu ya friji kwa kidole kile kile nilichojikata. Sitakiosha.