MREJESHO: Yule mwenzangu aliyegoma kuhama KiCad 5

Wakuu, habari za jioni. Kwa ambao hawakuwepo: niliuliza nifanyeje na mwenzangu hapa Mbeya, ambaye natengeneza naye bodi ya kudhibiti joto la mashine ya kutotolea vifaranga. Mimi natumia KiCad 8 (KiCad ni programu ya kuchora bodi za umeme), yeye kang'ang'ania 5. Nikihifadhi mchoro kwangu, kwake haufunguki, maana toleo la 6 (Desemba 2021) lilibadilisha muundo wa faili za mchoro. Faili la zamani linafunguka kwenye programu mpya. Kinyume chake hakuna.

Wengi mlisema nimpige chini. Jumamosi nikamfuata kwenye kibanda chake Mwanjelwa, nikakuta wala si ubishi: laptopu yake kuukuu, ina Windows 7, na KiCad 8 haiingii humo. Mwezi mzima namwita mkaidi! Naye kumbe aliona haya kusema.

Sasa nachora mimi, yeye nampa mchoro kwa PDF na faili za Gerber (picha za kila tabaka la bodi, za kutengenezea). Hizo hata KiCad 5 inazionyesha, na kiwandani ndizo wanazotaka, hawaulizi toleo.

Jana alichapisha bodi kwenye karatasi kwa ukubwa halisi, akasimamisha rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) juu yake. Miguu miwili ikaangukia nje ya matundu. Nilichagua futiprinti (mpangilio wa matundu ya miguu) ya rilei nyingine kabisa. Alicheka mpaka wateja wakageuka.

Nimesharekebisha. Oda bado, tunachanga hela.