Istanbul siku moja na marafiki: tuanze wapi?

BintiShela: Jamani, mimi na rafiki zangu wawili wa kike twatoka Lamu kwenda Uturuki. Istanbul tuna Jumapili moja tu. Mmoja magoti yamuuma, mwengine ataka soko tu.

Nahodha_Mkomani: Kapalıçarşı, lile soko kubwa, hufungwa Jumapili. Mwambie mapema asije akanuna huko. Soko la viungo, mtaa wa Eminönü, liko wazi.

MamaHidaya: Mwanangu, asubuhi nendeni mtaa wa Sultanahmet. Msikiti wa Bluu hauna kiingilio; wakati wa swala watalii huzuiwa, lakini nyinyi mwaenda kuswali, ingieni zenu. Ayasofya iko karibu hapo: kanisa tangu 537, msikiti 1453, kisha makumbusho, na tangu 2020 msikiti tena. Halafu tramu hadi Eminönü, mpande feri ya Üsküdar, ng'ambo ya pili. Hapo ndipo raha! Magoti yapumzika, chai mkononi, shakwe wawafuata, na mwavuka kutoka Ulaya hadi Asia kwa nauli ndogo. Si kama boti ya Mokowe huko Lamu, hurudi umelowa. Boti za watalii achaneni nazo, ghali bure.

BintiShela: Ahsante mama. Na chakula?

MamaHidaya: Mkate uliotiwa samaki ndani, hapo hapo Eminönü. Pilipili bebeni yenu.