Dodoma hadi Antananarivo: nipitie wapi?

Mkazi wa Nkuhungu: Wakuu, natakiwa Antananarivo, Madagaska, mwezi ujao. Ndege ya moja kwa moja kutoka Dar siioni. Nipange vipi?

Mpanga Ratiba: Mkuu, angalia kupitia Nairobi au Addis Ababa. Anza na ndege ya mwisho, ile inayotua Antananarivo, ujue inaruka siku zipi, kisha rudi nyuma hadi Dodoma. Wengi huanzia huku nyumbani, wakaishia kulala njiani. Halafu nunua tiketi moja kutoka Dar hadi mwisho. Ukikata mbili tofauti na ya kwanza ikachelewa, ya pili imepotea na hakuna wa kumdai. Ukikabidhi begi, soma lebo: iandikwe TNR, yaani uwanja wa Antananarivo. Ikiandikwa NBO, begi litabaki Nairobi.

Mama Kizota: Ndugu yangu, usisahau chanjo ya homa ya manjano! Kenya na Ethiopia zimo kwenye orodha ya nchi zenye hatari, na cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Ukichanjwa wiki ya safari umeshachelewa. Pasipoti nayo ibakize angalau miezi 6.

Mkazi wa Nkuhungu: Asanteni. Na Dodoma hadi Dar?

Mpanga Ratiba: Treni ya SGR. Kama treni yako inasimama Pugu, shukia hapo, ni karibu zaidi na uwanja. Ndege za kimataifa ni Jengo la 3. Uwe pale masaa matatu kabla. Ikiwa ndege ni ya alfajiri, nenda Dar siku moja kabla.